Kitabu kipi cha kujiandalia RHCSA? Anza na sura unayoiogopa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka miwili kwenye dawati la msaada. Kazi yangu kubwa ni printa, nenosiri zilizosahaulika na kompyuta zinazogoma kuwaka. Nataka kuhamia kwenye usimamizi wa seva, na nimeamua kufanya mtihani wa RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat cha usimamizi wa mifumo ya Linux. Nina kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 800, nimekirithi kwa mwenzangu aliyefaulu kwa kukisoma hicho hicho. Dukani nimeona kingine, chembamba, kimetoka karibuni. Kuna pia kozi ya video ya saa 20. Nikishatoa ada ya mtihani, fedha zitatosha kununua kimoja tu, kitabu au video. Juzi rafiki kanitumia faili la "maswali halisi ya mtihani". Nishike kipi, Mwalimu?

Marahaba, ndugu yangu. Nikupe jibu fupi kwanza, maelezo yafuate. Nunua kile chembamba, ila usikilipie kabla hujakipima kwa namna nitakayokuonyesha. Kinene kiweke mezani kama msaidizi. Video iache. Faili la rafiki yako lifute, na nitakwambia kwa nini.

Tuanze na mtihani wenyewe, maana watu wengi hununua kitabu cha mtihani ambao hawajausoma. EX200, ambao ndio unaokupa RHCSA, hauna maswali ya kuchagua a, b, c. Unakaa mbele ya mashine, unapewa kazi, unazifanya. Alama kamili ni 300, na ili ufaulu unahitaji 210. Hakuna intaneti, hakuna daftari, hakuna simu. Unachobaki nacho ni nyaraka zilizomo ndani ya mfumo, yaani kurasa za man (mwongozo wa kila amri) na yale yaliyomo kwenye /usr/share/doc. Na katika ukurasa wa malengo ya mtihani Red Hat wameandika wazi kwamba kila ulichosanidi lazima kiendelee kufanya kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa tena, bila mtu kuja kukisaidia. Kwa sharti hilo la mwisho ndipo ninapopimia vitabu vyote vya RHCSA vinavyopita mikononi mwangu.

Nina sababu. Mara ya kwanza nilianguka. Kitabu nilichokisomea kilikuwa kitamu, mwandishi ana utani, unafungua sura jioni na kushtuka usiku umeingia. Sura yake ya diski ilieleza vizuri patisheni, LVM (mpango wa diski pepe zinazoweza kuongezwa ukubwa) na mfumo wa faili, kisha ikakupa mstari wa kuandika ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka, namna hii:

UUID=... /data xfs defaults 0 0

Baada ya mstari huo ikaja sura nyingine. Siku ya mtihani niliandika mstari kama huo, UUID, yaani kitambulisho cha diski, nikaiandika kwa mkono badala ya kuinakili, na nikakosea herufi moja. Nikaendelea na kazi nyingine kwa raha zangu. Zilipobaki dakika chache nikaiwasha mashine upya ili nijiridhishe. Haikuwaka. Ilisimama kwenye hali ya dharura, ikaniomba nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, nami mikono inatetemeka hata nenosiri nililoliweka mwenyewe nikawa nalikosea. Kazi zote nilizofanya kwenye mashine ile zilikwenda na maji, kwa kuwa mashine isiyowaka haina cha kusahihishwa.

Niliporudi nyumbani nilikifungua kile kitabu nitafute wapi kilinionya. Hakikunionya popote. Kumbe ilitosha sentensi moja: baada ya kuhariri fstab, endesha mount -a kabla hujafanya kitu kingine, uone kama diski inapachikwa. UUID yenye kosa ingelalamikiwa hapo hapo, mashine ikiwa bado hai. Kuna na findmnt --verify, inayolisoma faili zima na kukuonyesha palipo na mashaka. Mambo ya sekunde tano.

Basi kipimo cha kwanza cha kile chembamba ni hicho. Fungua sura ya kupachika diski, ruka maelezo yote, nenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa fstab na usome kinachofuata. Ukikuta mount -a, kisha kuwasha upya, kisha amri ya kuhakikisha, jua mwandishi amewahi kuumia au amefundisha watu walioumia. Ukikuta kichwa cha habari cha mada nyingine, kirudishe rafuni.

Kipimo cha pili ni SELinux, ulinzi wa Linux unaoamua kwa lebo programu ipi iguse faili lipi, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndiyo sura inayoogopwa kuliko zote na ndiyo inayotenganisha vitabu. Chukua kazi ya kawaida kabisa: kurasa za tovuti zimewekwa kwenye saraka /tovuti badala ya mahali pake pa kawaida, na seva ya wavuti inakataa kuzisoma. Ruhusa za faili ziko sawa, ukuta wa moto uko sawa, bado inakataa. Kosa liko kwenye lebo ya SELinux.

Mwandishi wa aina ya kwanza atakwambia andika setenforce 0, yaani SELinux iache kuzuia chochote, uendelee na maisha. Huyo funga kitabu chake. Wa pili atakupa chcon -R -t httpd_sys_content_t /tovuti, utajaribu, ukurasa utafunguka, utashangilia. Wa tatu atakupa amri mbili: semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/tovuti(/.*)?" halafu restorecon -Rv /tovuti. Ukurasa utafunguka vile vile. Ukizitazama kwa macho, njia ya pili na ya tatu zimeleta matokeo yale yale, na mwanafunzi asiyeelezwa zaidi atachagua iliyo fupi.

Tofauti yake ni hii. Chcon inabandika lebo juu ya faili peke yake. Sera ya mfumo haina habari. Semanage inaandika kanuni ndani ya sera, kwamba kila kilichomo /tovuti kiwe na lebo fulani, na restorecon inakwenda kuitekeleza. Siku mfumo utakapopitia mafaili yote na kuyarudishia lebo zake, lebo ya chcon inafutika, ya semanage inabaki. Na usidhani siku hiyo iko mbali. Miongoni mwa malengo ya mtihani ni kukatiza uwashaji wa mashine ili uingie usikoweza kuingia, na matumizi yake makubwa ni kubadilisha nenosiri la root lililopotea. Hatua ya mwisho ya kazi hiyo, kwa njia inayofundishwa sana, ni touch /.autorelabel, ambayo inaamuru mfumo mzima upewe lebo upya unapowaka. Kwa hiyo mtu aliyetumia chcon saa nne, saa tano akarudi kurekebisha nenosiri kwenye mashine ile ile, anaifuta kazi yake mwenyewe bila kujua. Kitabu kinachounganisha sura hizo mbili kimeandikwa na fundi. Ni vichache, nikiri, lakini kinachotofautisha tu chcon na semanage fcontext kwa sentensi mbili za kueleweka kinatosha.

Kuna jambo jingine ndani ya mfano huo huo. Ile amri ndefu yenye mabano na nukta, nani ataikariri? Huhitaji kuikariri. Ukifungua man semanage-fcontext na kushuka hadi sehemu ya mifano, utakuta mfano unaofanana nayo karibu neno kwa neno, na chini yake restorecon. Wewe utabadilisha njia ya saraka tu. Kwa kuwa kurasa hizo zitakuwapo mtihanini, mwandishi anayekusukuma kila mara uende kwenye man anakuandaa kwa siku yenyewe. Anayekujazia jedwali za kukariri anakuandaa kwa mtihani mwingine.

Na mitihani ya namna hiyo nyingine ipo, nisiwadharau wenye vitabu vya jedwali. Ungekuwa unafanya LPIC-1, cheti cha Linux cha shirika la LPI, ningekushauri tofauti kabisa. Ule una karatasi mbili, 101 na 102, kila moja maswali 60 kwa dakika 90, ya kuchagua na ya kujaza neno, na kila lengo limewekewa uzito wake, ukajua mapema wapi maswali yatakuwa mengi. Hapo kitabu kinene chenye mamia ya maswali ya majaribio kina kazi, na LPI wenyewe wanatoa masomo ya bure ya kujisomea kwenye tovuti yao. CompTIA Linux+ iko katikati: maswali yasiyozidi 90, mengi ya kuchagua, machache ya vitendo. Wewe umeshachagua RHCSA, kwa hiyo ukiona kila sura inaishia na maswali ya a, b, c, jua mchapishaji ametumia kiolezo cha vitabu vyake vyote. Si dhambi, ila ni kurasa ulizozilipia na hazitakusaidia.

Tuje kwa kile cha kurithi. Hakina tatizo la akili, kina tatizo la umri. Mwenzako alifaulu nacho, sawa, lakini alifaulu mtihani wa toleo gani? RHEL, mfumo wa Linux wa Red Hat unaotahiniwa, toleo la 8 ilitoka Mei 2019, RHEL 9 Mei 2022, RHEL 10 Mei 2025, na kila mara malengo ya EX200 yanahamahama. Stratis na VDO, zana za hifadhi ya diski, zilikuwamo enzi za 8, zikatolewa kwenye 9. Kontena za podman zilikuwamo kwenye 9. Kwenye 10 zimeondoka na flatpak, njia ya kusakinisha programu, imeingia. Mtu anaweza kutoa wiki mbili za jioni zake kwa kitu ambacho hakitaulizwa.

Kama jalada limechanika au huliamini, nenda sura ya mtandao. Ukikuta unaelekezwa kuhariri mafaili yanayoanza na ifcfg- ndani ya /etc/sysconfig/network-scripts, kitabu hicho ni cha toleo la 8 au la nyuma zaidi. Kuanzia 9 mipangilio mipya huhifadhiwa chini ya /etc/NetworkManager/system-connections, na kwenye 10 ule mtindo wa ifcfg umeondolewa kabisa. Alama nyingine ni sura ya kwanza kukwambia upakue CentOS Linux 8 au 7, iliyokuwa nakala ya bure ya RHEL. Ya 8 ilifikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2021, ya 7 tarehe 30 Juni 2024.

Hata hivyo usikitupe. Ruhusa za faili, umiliki, vi, mabomba ya amri, tar, michakato, cron na LVM havijageuka kiasi cha kukupotosha, na vitabu vinene huwa na subira ya kueleza ambayo vyembamba hawana nafasi nayo. Fanya hivi: chapisha ukurasa wa malengo ya EX200 wa toleo utakalofanyia mtihani, kaa na penseli, na mbele ya kila lengo andika namba ya ukurasa linapofundishwa, kinene upande wa kushoto na chembamba upande wa kulia. Kile chembamba unaweza kukifanyia hivyo hata kabla ya kununua, kwa kutumia yaliyomo ambayo wachapishaji huyaweka wazi. Ni kazi ya jioni moja. Mstari utakaobaki mtupu pande zote mbili ndio utakaoutafutia nyaraka za Red Hat, ambazo ziko mtandaoni bure. Ikiwa mistari mitupu upande wa kitabu kipya ni zaidi ya mitano sita, kwangu hicho kimeandikwa haraka ili kiwahi soko, hata kiwe na neno "kamili" kwenye jalada.

Kipimo cha mwisho kabla ya kulipa: tazama mtihani wa majaribio ulio nyuma ya kitabu. Kazi ziandikwe kwa matokeo, si kwa hatua. "Ongeza ukubwa wa diski pepe ya data ufikie 2 GiB bila kupoteza kilichomo" ni kazi. "Tumia lvextend kuongeza ukubwa" ni jibu limevishwa nguo za swali. Na majibu yawe na namna ya kujihakiki, ujue umepata au umekosa bila kumuuliza mtu.

Video sikukatazi kwa chuki. Ina sehemu yake moja nzuri, nayo ni mambo yasiyoelezeka vizuri kwa maandishi, kama ule muda mfupi wa kukamata menyu ya GRUB mashine inapowaka, wapi ubonyeze e, mstari upi uongeze neno. Hayo unayatazama mara mbili unaelewa. Saa nyingine zilizobaki unamtazama mtu mwenye vidole vyepesi akifanya kila kitu kikubali mara ya kwanza, unaitikia kwa kichwa, na unapofungua terminali yako hujui uanzie wapi. Fedha ni ya kitu kimoja, kwa hiyo hapana.

Sasa faili la rafiki yako. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya kutotoa wala kutumia maswali yaliyovujishwa, na kuyavunja kunaweza kukugharimu cheti chenyewe. Hilo pekee linatosha. Lakini niongeze nililoliona nikiwa kwenye usaili, upande wa wanaouliza. Alikuja kijana ana cheti, CV imepangwa vizuri. Tukampa terminali: ongeza nafasi kwenye /data, imejaa. Akaandika lvextend -L +1G na njia ya diski, akabonyeza, akasema tayari. Tukamwomba aendeshe df -h, inayoonyesha nafasi iliyopo. Namba ileile. Akaitazama, akaiendesha tena, kama vile mara ya pili itabadilika. Alikuwa ameongeza diski pepe na kuusahau mfumo wa faili ulio juu yake. Ilitakiwa aweke -r, au baadaye aendeshe xfs_growfs. Ukikosa hilo kwa bahati mbaya, ukiona df utajua mara moja ni nini. Yeye hakujua, na ndipo tukaelewa alisoma nini. Sikumuuliza.

Muda wa kujiandaa hukuuliza, lakini nitakugusia. Usilipie tarehe ya mtihani mpaka uweze kuchukua mashine tupu, kufanya mtihani wa majaribio mzima kitabu kikiwa kimefungwa, kuiwasha upya, na kukuta kila kitu kimesimama. Mara tatu, kwa siku tofauti. Mara ya kwanza utajichukia.

Hayo yote yanahitaji mashine pepe mbili, na hapa ndipo wengi wanaotoka kwenye dawati la msaada hukwama, kwa kuwa kompyuta ya mazoezi huwa ni ile iliyokuwa inatupwa ofisini. Mfumo hauna gharama: Red Hat wanatoa usajili wa bure kwa wasanidi binafsi, hadi mifumo 16, na kama hutaki kujisajili, Rocky Linux na AlmaLinux, mifumo ya bure inayofanana na RHEL, zinatosha. Ila RHEL 10 inadai kichakataji cha kiwango cha x86-64-v3, na kompyuta nyingi za kabla ya 2013 hazikifikii. Mfumo hautawaka, nawe utadhani umepakua vibaya. Kwenye Linux yoyote ya karibuni iliyomo ndani ya kompyuta hiyo, endesha /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help na utazame mistari ya mwisho. Ukiona x86-64-v3 imeandikiwa supported, endelea. Usipoiona, ama utafute mashine nyingine, ama ufanyie mazoezi AlmaLinux 10, ambao wametoa pia toleo la x86-64-v2 kwa ajili ya kompyuta kama hizo. Lifanye hili kabla ya kununua kitabu, kwa sababu ukilazimika kununua kompyuta ile hesabu yako ya fedha itabadilika, na kile kinene cha bure kinaweza kurudi kuwa ndicho pekee ulicho nacho.